Rangi ya Chaki: Jinsi Kabati la Mama Lilivyopata Sura Mpya

Bila shaka umewahi kuegemea ukuta uliopakwa chokaa, kisha ukaingia darasani wenzako wakaanza kucheka kwa sababu sweta yako imekuwa nyeupe mgongoni. Mimi yamenipata zaidi ya mara moja. Sikujua kwamba siku moja unga huohuo ungeniingiza katika kazi ya kupaka kabati, wala kwamba ningekuja kuandika habari zake katika gazeti la chama chetu cha Kiswahili. Lakini wahenga walinena kuwa haja ni mama wa uvumbuzi, na sisi nyumbani haja tulikuwa nayo tele.

Mambo yalikuwa hivi. Mama aliamua kufungua kibanda cha chai na mandazi kando ya barabara, hapa kwetu upande wa Kibwezi. Nia yake ilikuwa kwamba faida ya kila wiki ilipe pesa zangu za chakula cha mchana shuleni, maana sisi wa shule za kutwa tunajua vile jina lako likisomwa mbele ya gwaride tumbo hushiba ghafla. Kibanda kilipatikana. Meza mbili na benchi zikapatikana. Lakini kabati la kuwekea mandazi na vikombe lilikuwa lile la zamani la nyumbani, lenye rangi ya mafuta ya kijani iliyobambuka kama ngozi ya kenge. Mama alikwenda kwa fundi seremala kuuliza bei ya jipya, akaambiwa shilingi 8,500. Alirudi nyumbani akaketi, hakusema neno. Alikuwa na shilingi 1,000 tu alizokopa kutoka chama cha akina mama, na pesa za chama, kama mjuavyo, hazina huruma siku ya kulipa.

Ndipo nikasema, "Mama, nipe hiyo elfu moja, mimi nitalipaka." Akanitazama juu mpaka chini. "Ukiipoteza utakula mchana nini?" Swali zuri. Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimesikia habari za rangi ya chaki kutoka kwa fundi mmoja wa rangi. Alisema ni rangi ambayo haimeremeti, inashika juu ya rangi nyingine bila kukwangua sana, na matajiri wa Nairobi huinunua ghali mno kupakia viti vyao vionekane vya kale. Nikashangaa. Kwetu tuna viti vya kale kweli na tunaona haya, kumbe kuna watu wanaolipa ili vyao vionekane hivyo!

Baadaye nilikuja kujua kwamba jina hilo lilianzia Uingereza. Mwaka wa 1990 mama mmoja mpaka rangi aitwaye Annie Sloan, wa mji wa Oxford, alitengeneza rangi akaiita Chalk Paint, na hilo likawa jina la biashara yake. Yake huuzwa mpaka leo katika nchi nyingi. Lakini watu wasiokuwa na pesa za kuinunua walianza kuchanganya zao wenyewe nyumbani, kwa rangi ya kawaida ya maji na unga mweupe. Hiyo ya pili ndiyo ninayoieleza hapa.

Kwanza tuelewe rangi ni kitu gani. Rangi yoyote ina mambo matatu: unga wa kuleta rangi yenyewe, gundi ya kuushika unga huo, na maji au mafuta ya kuifanya iwe laini ya kupakika. Maji yakikauka hubaki unga na gundi. Gundi ikiwa nyingi, rangi humeremeta na kuwa nyororo kama sahani. Unga ukiwa mwingi, rangi hufifia, huwa na mkwaruzo kidogo, na hufunika vizuri kilicho chini yake. Ukizidisha unga kupita kiasi gundi haitoshi kuushika wote, na hapo unapata ile sweta nyeupe mgongoni. Ni kama ugali tu. Unga na maji ni vilevile, lakini kipimo ndicho kinachotenganisha ugali na uji.

Sasa unga gani? Hapa ndipo mimi nilipoangukia pua, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Sisi huita kila kitu cheupe chokaa au chaki, lakini viko vitu vitatu vinavyofanana kwa macho tu. Kuna chaki ya asili, yaani mawe laini yaliyotokana na maganda ya viumbe wadogo sana wa baharini walioishi zamani za kale. Majabali meupe ya Dover kule Uingereza ni chaki ya namna hiyo. Wanakemia huiita kalsiamu kaboneti. Mawe ya chokaa yaliyo kusini mwa Kitui, pande za Mutomo, ni kaboneti hiyohiyo ingawa ni magumu zaidi. Cha pili ni chokaa ya kujengea. Hii hupatikana kwa kuchoma mawe hayo, au matumbawe kama walivyofanya watu wa pwani tangu zamani, kisha kutia maji. Kuta za Lamu na zile za Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, zilishikwa na chokaa ya matumbawe. Cha tatu ni jipsamu, ambayo ni kalsiamu salfeti, ile ambayo siku hizi mafundi huitumia kutengeneza dari. Hapa Kenya jipsamu iko kwa wingi El Wak, kule Mandera.

Na chaki ya mwalimu je? Lo! Chaki nyingi za shule si chaki hata kidogo, ni jipsamu. Ukitaka kuhakikisha chukua kipande ukidondoshee maji ya limau au siki. Kikitoa povu ni kaboneti. Kikinyamaza kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la hisabati, ni jipsamu. Chaki yetu ilinyamaza.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la bure. Jirani alikuwa anajenga, akanipa mkebe wa chokaa ya kujengea. Nikaikoroga na maji, nikaipaka juu ya mlango mmoja wa kabati, nikasubiri. Ilikauka nyeupe pepepe. Nikaita watu. Dada yangu alipitisha kidole na kidole kikarudi na rangi yote. Chokaa hii hushika juu ya ukuta wa udongo au mawe kwa sababu huingia katika vitundu vya ukuta, kisha hunywa hewa ya kaboni dioksaidi na kugeuka kuwa jiwe tena polepole. Juu ya rangi ya mafuta haina pa kuingia. Isitoshe, viganja vyangu vilianza kuwasha na kupasuka, kwa maana chokaa hii hula ngozi na ikiingia machoni ni hatari kubwa. Sikumwambia mama habari za viganja. Nilipaka mafuta ya kupikia nikalala.

Jaribio la pili nilinunua rangi nyeupe ya maji, lita moja, shilingi 450. Fundi mmoja wa dari akanipa unga wa jipsamu uliobaki katika mfuko. Nikamimina robo ya rangi kwenye kopo, nikatia unga mkavu moja kwa moja, nikakoroga. Madonge! Nikaendelea kukoroga. Kisha dada akaniita nimshikie mtoto, na niliporudi baada ya kama nusu saa mti ulikuwa umesimama wima ndani ya kopo peke yake. Robo ya rangi ikawa jiwe. Hapo nilikaa chini ya mwembe nikafikiria ile pesa ya chama, na jina langu likisomwa kwenye gwaride.

Sababu nilielezwa na mwalimu wa Kemia baadaye. Unga wa jipsamu wa mafundi umechomwa ili maji yaliyomo yapungue. Ukiupa maji huyanywa tena na kuwa mgumu, na ndiyo maana hutumika kufunga mifupa iliyovunjika. Lakini chaki ya shule ni jipsamu ambayo imekwisha kunywa maji yake na kugandishwa kiwandani. Ukiisaga inabaki unga, haigandi mara ya pili. Kwa hivyo unga nilioutafuta kwa fundi wa dari ulikuwa umelala chini ya ubao wetu kila siku jioni, ukifagiliwa na watu wa zamu.

Nikaanza kuokota vipande vya chaki. Siku ya tatu mwalimu wa zamu alinikamata mifuko imejaa. "Unaiba chaki ukafundishe wapi?" akaniuliza. Nilieleza yote, mpaka habari ya mti uliosimama kwenye kopo. Alicheka, akasema niokote vipande vilivyo vifupi kuliko kidole cha mwisho tu, vizima niviache. Tangu siku hiyo baadhi yenu mnaniita Mwalimu Chaki. Nimewasamehe.

Haya, sasa kanuni iliyofaulu. Vipande husagwa juu ya jiwe na kuchekechwa kwa chujio la chai au kitambaa chepesi. Funga leso puani, vumbi la chaki si la kuvutwa. Pima theluthi moja ya kikombe cha unga huo, uutie maji kidogokidogo huku ukikoroga mpaka uwe kama uji mwepesi usio na donge. Kisha, na si kabla, umimine ndani ya kikombe kimoja cha rangi ya maji. Koroga tena. Ikiwa nzito sana ongeza kijiko cha maji. Ukiwa na unga wa jipsamu wa fundi unaweza kuutumia kwa kipimo hichohicho, ila changanya kiasi cha kumaliza upesi, usiitwe na mtu kushika mtoto.

Ukitaka rangi nyingine isiyokuwa nyeupe, tia oksaidi ya sakafuni, ile nyekundu, kiasi cha ncha ya kijiko. Udongo wetu wa Ukambani ni mwekundu kwa sababu ya oksaidi ya chuma iliyomo, kwa hivyo kabati letu lilitoka na rangi kama ya barabara ya vumbi asubuhi. Mama alisema hata likichafuka halitajulikana.

Kabla ya kupaka kuna jambo ambalo sitaki mtu alipite mbio. Mtoto wa dada yangu ana mwaka mmoja na nusu, anatambaa kila mahali na kila anachokiona anakitia kinywani. Rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano, za kijani na nyekundu, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Leo Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni katika rangi zinazouzwa, lakini kabati lililopakwa kabla mimi sijazaliwa halikusoma kanuni hiyo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango kilicho salama. Mtu akichukua msasa mkavu akakwangua rangi hiyo ndani ya nyumba, vumbi lake hukaa sakafuni, na anayetambaa sakafuni ni nani?

Kwa sababu hii mimi naiona rangi ya chaki kuwa na faida kubwa kuliko ile wanayoisifia matajiri. Haihitaji ukwangue rangi ya zamani yote. Kabati tulilitoa nje, mbali na nyumba, na mtoto akapelekwa kwa jirani. Nililowesha kwa maji ya sabuni, nikatoa magamba yaliyolegea tu, kisha nikapitisha msasa wa maji ukiwa umelowa, polepole, ili ule mng'aro upotee kidogo. Vumbi haliruki kukiwa na maji. Magamba niliyakusanya juu ya gazeti nikayafunga kwenye mfuko, sikuyatupa motoni. Nguo nilizovaa nilizifua peke yake. Nikalifuta kabati kwa kitambaa safi, nikaacha likauke siku nzima.

Kupaka kwenyewe ni kazi rahisi mradi uheshimu jua. Ilikuwa likizo ya Agosti, upepo wa vumbi na jua kali. Nilianza saa nne asubuhi, na brashi ilikuwa ikishika njiani kwa sababu rangi ilikauka kabla sijaivuta. Siku ya pili niliamka saa kumi na mbili, nikapaka chini ya mwembe hadi saa mbili, nikaacha. Mikono miwili ya rangi ilitosha, yaani ya kwanza, kisha ya pili kesho yake. Ile ya kwanza itakutisha, maana huonyesha mistari na kijani hutokeza kama jogoo chini ya kapu. Usikate tamaa. Brashi niliosha kwa kikombe kimoja cha maji, na anayechota maji kwa mitungi ya lita 20 anajua thamani ya jambo hilo. Rangi ya mafuta ingetaka tapentaini kila jioni.

Rangi ya chaki ikiachwa hivihivi hunywa kila kitu: mafuta ya mandazi, chai, jasho la mikono. Lazima ifunikwe. Wazungu huipaka nta, na hapa bahati ilikuwa yetu, kwa kuwa Kibwezi na Kitui ni nchi ya asali. Wafugaji nyuki wengi bado hutundika mizinga ya magogo juu ya miti, na wakishakamua asali hubaki na nta. Nilinunua robo kilo kwa mzee mmoja kwa shilingi 150. Niliiyeyusha ndani ya sufuria ndogo iliyokaa juu ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Kisha nilitoa sufuria jikoni, nikaenda nayo uwanjani mbali kabisa na jiko, ndipo nikatia tapentaini, vipimo viwili kwa kimoja cha nta. Tafadhali usifanye hivyo karibu na moto wowote ule. Mvuke wa tapentaini hushika moto kabla hujasema salale. Ikipoa hufanana na samli. Unapaka kwa kitambaa, unaacha kidogo, unasugua. Tuliliacha kabati nje siku tano mpaka harufu ikaisha.

Hesabu zangu ni hizi: rangi 450, brashi 120, msasa wa maji karatasi mbili 80, tapentaini nusu lita 180, nta 150. Jumla shilingi 980. Mama alipokea shilingi 20 zake akazihesabu mara mbili, nadhani kwa mzaha.

Sasa nisiwadanganye kwamba rangi hii inafaa kila kitu. Juu ya meza haikufaulu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 au 64 hivi, na chai ya mama ni moto kuliko hapo. Mteja wa kwanza kabisa, dereva wa matatu, aliweka kikombe mezani na akaacha pete nyeupe ambayo iko hadi leo. Tumeweka kitambaa cha plastiki juu. Mwenye pesa afunike meza kwa vanishi ya maji.

Tena mbao za mukau usizipake. Mukau ni mti wetu wa nchi kavu, mchwa hawauwezi, na watafiti wa misitu kule Kitui wamefanya kazi miaka mingi kuusambaza kwa wakulima. Mbao zake ni nyekundunyekundu kama mahogani, na kuzifunika kwa rangi ya chaki ni kama kumvisha bibi harusi gunia. Rangi hii ni ya mbao za sipresi, mbao za masanduku, na vitu vilivyokwisha kuharibiwa na rangi nyingine.

Jambo hilo nilifunzwa na nyanya. Baada ya kabati kufaulu kichwa kilinivimba. Nilipanda gari kwenda kumsalimia Mutomo, siku hizi ni lami tupu kutoka Kibwezi na unavuka mto Athi kabla hujasinzia. Nilibeba kopo langu na brashi. Babu marehemu aliacha kiti cha miguu mitatu cha kuchongwa, kile tunachokiita kivila, kimeng'aa kwa kukaliwa miaka na miaka. Nikakiona cheusi, nikafikiri kimechakaa. Nyanya alinikuta nimechovya brashi.

"Mjukuu wangu," akasema, "unataka kukipaka ili nani akikalie?"

"Kipendeze, Susu."

"Huo weusi ni babu yako. Ukiufunika utamrudisha na msasa?"

Nikarudisha brashi. Tone moja lilikuwa limeshadondoka juu ya mguu mmoja wa kiti, na hata baada ya kulifuta upesi kwa upindo wa sketi, doa dogo jeupe lilibaki ndani ya mchongo. Nyanya hakulizungumzia tena. Alinionyesha dirisha la jikoni lake, ubao mtupu uliopauka, akasema hilo ndilo linaloomba rangi. Nililipaka jioni ile hadi mwanga ukaniishia.

Kibanda cha mama sasa kina muhula mmoja na nusu. Pesa za chakula zimelipwa, isipokuwa wiki mbili za Septemba unga ulipopanda bei. Benchi bado lina kijani chake cha zamani, na mtoto wa dada ameanza kusimama kwa kulishikilia, kwa hivyo ndilo linalofuata. Nimekwisha kujaza nusu mkebe wa vipande vya chaki. Nitaanza Novemba shule zikifungwa, kama mvua itatupisha asubuhi mbili mfululizo.